Maana ya "ndiyo, na": vichekesho vya papo kwa papo vinapoingia ofisini

Watu wawili wako jukwaani. Hawana maneno waliyokariri wala kisa walichopangiwa. Mmoja anamgeukia mwenzake: "Daktari, mwanangu amemeza redio."

Huyo wa pili, ambaye dakika moja iliyopita hakuwa daktari wa mtu yeyote, ana njia mbili. Akisema, "Mimi si daktari, na hapa simwoni mtoto," mchezo umekufa na watazamaji wanaanza kupapasa simu mifukoni. Akisema, "Ndiyo, namsikia anasoma taarifa ya habari, na simpasui mpaka habari za michezo ziishe," mchezo umeanza.

Hiyo ndiyo "ndiyo, na", kanuni ya kwanza ya vichekesho vya papo kwa papo, ambavyo baadhi ya watu huviita improvu. Pokea alichokuletea mwenzako kama kilivyo, kisha ongeza chako juu yake. Kukikataa huitwa kuziba.

Siku hizi kanuni hii hukutana na watumishi wa ofisi pia. Siku ya bonanza, baada ya kuvuta kamba na kukimbia na magunia, mwezeshaji anawapanga watu duara na kuwataka waanze kila sentensi kwa "ndiyo, na". Wengine hucheka, wengine huulizana chai inatoka saa ngapi. Wengi huondoka wakidhani wamefundishwa kukubali kila kitu, hasa anachosema bosi. La hasha, na Kiswahili chenyewe kinatusaidia kuona kwa nini.

Muulize Mswahili, "Hujamaliza ripoti?" Atakujibu, "Ndiyo, sijamaliza." Hapo "ndiyo" haina maana kwamba kazi imekwisha, wala haionyeshi kama anafurahia au anachukia. Inathibitisha tu kwamba ulichosema ndivyo kilivyo. Ndiyo, ndiyo hivyo. Wanaojifunza Kiswahili ukubwani husumbuka sana na jibu hilo, lakini ndiyo ya jukwaani ni hiyo hiyo: nimekusikia, na ulichokiweka mezani kipo mezani. Kama ni wazo zuri au baya, hilo ni swali jingine, na lina wakati wake.

Chukua dereva anayemwambia msimamizi wake kwamba breki hazishiki vizuri. Msimamizi anayejibu "Wewe endesha tu, gari lilifanyiwa matengenezo juzi" ameziba. Anayesema "Ndiyo, breki zina shida, na gari hili halitoki leo" ametumia kanuni barabara, ijapokuwa amekatalia safari. Vivyo hivyo mhasibu akisema fungu limekwisha: unapokea kwamba limekwisha, ndipo mnatafuta la kufanya. Anayemtaka mhasibu aitikie "ndiyo, na" kwa kila hati ya malipo inayopita mezani kwake hajaelewa mchezo, na wakaguzi watamwelewesha.

Inashangaza kwamba michezo hii haikuzaliwa kwenye vichekesho. Katika miaka ya 1920, mjini Chicago, Viola Spolin alikuwa mwanafunzi wa Neva Boyd, mwanamke aliyetumia michezo katika kazi za ustawi wa jamii pale Hull House, kituo kilichohudumia wahamiaji. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Spolin aliajiriwa katika mradi wa serikali ya Marekani wa kuwapa watu kazi wakati wa mdororo wa uchumi. Alikuwa akifundisha maigizo kwa watoto na wahamiaji, watu ambao wengine hawakuwa na lugha moja ya kuelewana. Hotuba juu ya sanaa zisingewafaa kitu. Akabuni michezo yenye masharti machache, ambayo mtu akishaicheza anajikuta ameshirikiana na mwenzake kabla hajapata nafasi ya kuona haya. Mwaka 1963 aliikusanya katika kitabu. Kabla ya hapo mwanawe, Paul Sills, alikuwa ameshaipeleka jukwaani, na mwaka 1959 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa The Second City, ukumbi wa vichekesho wa Chicago ambao leo una kitengo kizima cha kufundisha makampuni. Kwa hiyo anayeuliza vichekesho vinatafuta nini kazini ameshika mkia wa habari. Michezo ilikuwa ya kuwafundisha watu kuishi pamoja kwanza, kicheko kikafuata.

Hata wanasayansi wameifuata. Mwigizaji Alan Alda alisaidia kuanzisha kituo katika Chuo Kikuu cha Stony Brook, jimbo la New York, mwaka 2009, ambako watafiti hufanyishwa mazoezi haya ili wajue kuzungumza na mtu asiye wa fani yao. Hawafundishwi kuchekesha. Wanafundishwa kumtazama msikilizaji usoni na kugundua alipopotea njia.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni hadithi ya neno moja moja. Watu wanakaa duara, kila mmoja anatoa neno moja tu, na hadithi inajengeka. Kwa Kiingereza ni zoezi zuri. Kwa Kiswahili ni zuri zaidi, kwa sababu ngeli hazimwachi mtu alale. Wa kwanza anasema "Kulikuwa", wa pili "na", wa tatu "kiti". Basi wa nne hana ujanja, lazima aje na "ki": "kimoja". Wa tano: "kilichompenda". Wa sita: "mkurugenzi". Aliyekuwa amejiandalia simba wake tangu mwanzo, akasubiri zamu bila kusikiliza, ataropoka "aliyenguruma" juu ya kiti, na duara zima litaanguka kwa kicheko. Hakuna aliyemwambia kuwa hakusikiliza. Sarufi imemwambia.

Lina ndugu yake: sentensi yako ianze na neno la mwisho la mwenzako. "Mteja anasema mzigo haujafika." "Haujafika kwa sababu gari limekwama Chalinze." "Chalinze tuna wakala?" Huwezi kuandaa jibu wakati mwenzako bado anaongea, maana hujui ataishia neno gani. Jaribu kwa dakika tano utaona ni mara ngapi kwa siku huwa tunajibu watu ambao hawajamaliza kusema.

Zoezi la "ndiyo, na" lenyewe hufanywa kwa raundi tatu. Wawili wanapanga sherehe ya kumuaga mwenzao anayestaafu. Raundi ya kwanza, kila pendekezo linajibiwa kwa "hapana". Ya pili kwa "ndiyo, lakini": tumpikie pilau, ndiyo, lakini mchele umepanda. Ya tatu kwa "ndiyo, na": ndiyo, na tumuulize mkewe kama anapenda ya kuku au ya ng'ombe, ndiyo, na aje amepanda ngamia. Ngamia hatakuja, kila mtu anajua. Lakini swali la kumuuliza mke linabaki, na lisingezaliwa kwenye zile raundi mbili za mwanzo. Baadhi ya watu hukiri baadaye kwamba raundi ya pili iliwachosha kuliko ya kwanza. Nawaelewa. "Ndiyo, lakini" ni hapana iliyovaa kanzu ya Ijumaa.

Tatizo la ofisi zetu, kwa maoni yangu, liko kwenye cheo zaidi ya kukosa mawazo, na hapo anahitajika mwalimu mwingine. Keith Johnstone, Mwingereza aliyefanya kazi katika ukumbi wa Royal Court, London, kabla ya kuhamia Calgary, Kanada, aliona waigizaji wake wakizungumza jukwaani kwa namna isiyofanana na watu halisi. Akawaambia kila mmoja ajiweke juu kidogo au chini kidogo ya mwenzake. Mazungumzo yakapata uhai papo hapo. Alichogundua ni kwamba binadamu hupandishana na kushushana kwa kila salamu, kila mtazamo, kila namna ya kukaa kwenye kiti. Sisi wenye utani tunalijua hilo. Mtani anayejilaza kaburini kwenye msiba na kugoma kutoka mpaka alipwe amewashusha wafiwa wakubwa kwa wadogo, nao wanalipa huku wakicheka, kwa sababu wanajua mchezo.

Utani, hata hivyo, una mipaka ambayo kila mtu amelelewa nayo, ilhali semina ya saa mbili haina. Ndiyo maana mambo huharibika. Nimewahi kukaa kwenye semina ambapo mkuu wa idara alibaki kwenye kiti cha nyuma, mikono kifuani, akitutazama tunavyojifanya kuku. Hakuna aliyecheza siku ile, tuliigiza tu kwamba tunacheza. Mkubwa aingie duarani au atoke chumbani. Asilazimishwe mtu asiyetaka, masihara ya kabila na maumbile yakatazwe mapema, na afisa utumishi asishike kalamu kuandika nani amechangamka. Na yabaki mazungumzo baada ya kila zoezi, maana bila hayo watu wanakumbuka kicheko peke yake.

Zoezi la kumalizia, kama duara limeshapata moto, ni la karata. Kila mtu anabandikwa karata moja kwenye paji la uso bila kuiona, kisha wanatembea chumbani wakisalimiana kulingana na karata wanazoziona kwa wenzao: mwenye K apewe heshima zote, mwenye mbili apitwe kama hayupo. Baada ya dakika kumi wanapanga mstari wenyewe, wa chini hadi wa juu, kila mmoja akikisia karata yake. Aghalabu hawakosei sana. Mwezeshaji mzuri huwauliza waliosimama chini walijuaje, halafu ananyamaza. Majibu ni madogo madogo: alinijibu huku anatazama pembeni, nilitoa mkono akawa ameshageuka, niliamkia, sikuitikiwa.