Volvo PV544: uzima wake uko chini ya zulia

Watu wakiliona gari hili huomba nifungue boneti. Mimi huwaambia wapige magoti kwanza, wachungulie chini. Nimemaliza kulifufua hapa Göteborg, Uswidi, mji wa Volvo wenyewe. Ni PV544 ya 1963, na kazi imekula miezi kumi na minne. Injini ilinichukua wiki tatu. Muda wote uliobaki nililala chali, kinyago usoni, nikichomelea mabati.

Magari mengi ya zamani yaliundwa kama lori: chesisi ya vyuma virefu chini, bodi imekalishwa juu na kufungwa kwa bolti. Bodi ikioza, chesisi bado ipo. PV haina chesisi hiyo. Sakafu, vizingiti vya milango, nguzo na paa vimechomelewa vikawa kitu kimoja, na vyote hubeba mzigo kwa kusaidiana, kama kifuu cha nazi. Volvo ya kwanza kuundwa hivyo ni PV444, mama yake hii, iliyoonyeshwa Stockholm Septemba 1944 vita vikiendelea. Bei ilitangazwa kronor 4,800, sawa na Volvo ya kwanza kabisa ya 1927! Chuma kilikuwa adimu, kwa hiyo gari halikuanza kutoka kiwandani kwa wingi hadi 1947. Kwa sababu bodi ilikuwa nyepesi, injini ya lita 1.4 yenye nguvu za farasi 40 tu iliweza kuvuta familia nzima na mizigo yake.

Sasa fikiria kutu. Huku barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, nayo hujificha ndani ya vizingiti na kula bati kutoka ndani. Fundi fulani aliyenitangulia alijaza puti na kupaka lami juu yake. Kwa macho palikuwa safi. Niligonga na bisibisi, ikazama hadi kwenye mpini.

Upande wa kushoto nilikata kizingiti bila kuweka mihimili ya muda kwenye uwazi wa mlango. Kosa langu mwenyewe, na haraka zangu. Bodi ililegea milimita chache, mlango ukagoma kufunga, nikafungua kila nilichokuwa nimechomelea na kuanza upya. Upande wa kulia nilichomelea mabomba ya muda kwanza, nikapima kona kwa kona, ndipo nikashika grainda.

Injini, basi, nisiisahau. Ni B18, sentimita za ujazo 1,778, farasi 75. Krankshafti yake, mhimili unaozungushwa na pistoni, inakaa juu ya beringi kuu tano, wakati B16 iliyoitangulia ilikuwa na tatu. Beringi zikiwa nyingi, krankshafti haipindi injini inapokimbia, na ndiyo maana B18 nyingi bado ziko barabarani. Udhaifu wake ni gia ya kemshafti, mhimili unaofungua vali; gia hiyo ilitengenezwa kwa faiba ili isipige kelele. Nimeweka ya chuma. Inalia kidogo, nami nalala usingizi.

Mkanda wa usalama wa pointi tatu ulibuniwa na Nils Bohlin, ambaye kabla ya kuja Volvo alishughulikia viti vya kurusha marubani nje ya ndege kule Saab. Mwaka 1959 gari la kwanza kukabidhiwa mteja likiwa na mkanda huo kama kifaa cha kawaida lilikuwa PV544. Lakini mkanda hushikwa na bolti, na bolti hushikwa na nguzo na sakafu. Bati likioza, umejifunga kwenye kutu.

Nimekulia Nakuru, na nyumbani PV haikuwa gari la familia, ilikuwa gari la Joginder Singh. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally kwa PV544 iliyokwisha tumika, si mpya. Wazee wangu walisifu mikono yake, na mikono alikuwa nayo. Mimi, baada ya miezi hii chini ya gari, nawaza pia lile ganda lililopigwa na mashimo na matope siku kadhaa bila kujikunja.

Juzi nilipandisha gurudumu moja la nyuma juu ya ukingo wa barabara, gari likiwa limeinama, nikafungua mlango wa kushoto. Nikaurudisha kwa kidole kimoja. Ukajifunga.