Balozi wa Nairobi si lazima awe balozi wa Jumuiya

Juzi kwenye matatu ya Westlands, mzee mmoja alishikilia kwamba balozi akishapokewa Ikulu ya Nairobi, nchi yake imeshaanzisha uhusiano wa kibalozi na Afrika Mashariki nzima. Wengi tunaamini hivyo, na si kweli.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina hadhi yake kisheria, kwa Mkataba uliosainiwa 1999. Balozi anayetumwa kwake hukabidhi hati za utambulisho kwa Katibu Mkuu, Arusha. Tazama Ujerumani: ndiyo iliyogharimia makao makuu yaliyofunguliwa 2012, tena ikafadhili maabara tembezi za kupima magonjwa kama Ebola. Anayeiwakilisha kwa Jumuiya ni balozi wake wa Dar es Salaam. Inaniuma Mkenya mwenye swali la haki kuhusu maabara hizo anapobisha mlango usiohusika.