Kisoma skrini kikisema "mwanambaunzi", kagua skripti kabla ya kulaumu sauti

Mtumiaji asiyeona anafungua barua, na NVDA inamsomea "mwanambaunzi" palipoandikwa "mwanafunzi". Wengi hukimbilia kubadilisha sauti. Sauti haina kosa, inatamka ilichopewa.

NVDA ni kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye kompyuta; ni cha bure na kilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye naye haoni. Kiswahili hukitamka kwa eSpeak NG, programu inayogeuza maandishi kuwa sauti. Ili vifupisho kama Na. na Tsh visomwe kwa kirefu, mafundi huandika skripti fupi (programu ndogo) kwa lugha ya Python, inayojaza faili la default.dic, yaani kamusi ya matamshi ya NVDA, ndani ya folda ya speechDicts, maneno mengi kwa mkupuo.

Sikiliza neno lililoharibika, litakupeleka kwenye mstari wenye kasoro. Katika "mwanambaunzi", "naf" imegeuka "namba". Basi mtu ameandika Na. kama ruwaza (regular expression, kielelezo cha kutafutia maneno), na kwenye ruwaza nukta husimama badala ya herufi yoyote, hata nafasi tupu. Ndiyo maana "nani" nayo inakuwa "nambai", na "Juma na Asha" inasikika "Juma nambaAsha". Kifupisho cha "sh" kikiwekwa kibadilishwe popote kilipo, "shule" itasomwa "shilingiule". Tena kanuni, yaani mistari ya kamusi hiyo, hufuatana: iliyotangulia ikigeuza Tsh kuwa "shilingi", ya "sh" inayofuata itaikuta na kuifanya "shilingiilingi".

Dawa ya Na. ni hii:

r"\bNa\.(?=\s*\d)" + "\t" + "namba" + "\t1\t1"

Mlazo wa nyuma (\) unaifanya nukta iwe nukta kweli, na sehemu ya mwisho ya ruwaza inadai tarakimu mbele yake. Kati ya zile 1 mbili, ya kwanza inatenganisha herufi kubwa na ndogo, ya pili inasema hii ni ruwaza. Neno zima lisilo ruwaza huandikiwa 2, popote ni 0.

Ile r ya mwanzo imewatoa jasho wengi. Bila hiyo, Python huigeuza \b kuwa alama ya kufuta nyuma kabla haijafika kwenye faili, na kanuni hailingani na chochote. Anayegundua hilo huenda akaibandika r kwenye mstari wote. Sasa \t nayo inaandikwa kama mlazo na herufi t. NVDA inataka sehemu nne zilizotenganishwa kwa Tab halisi, kwa hiyo mstari huo inauruka kimyakimya. Bonyeza NVDA+F1 usome kumbukumbu za programu (log), utafute "can't parse line".

Kuna wakati faili ni safi lakini hakuna kinachobadilika. Funga NVDA, endesha skripti, kisha uiwashe upya. Ukiiacha ikiwa wazi, itaendelea na kamusi iliyo kichwani mwake, na ukibonyeza Sawa kwenye dirisha la kamusi itaandika hiyo juu ya kazi yako. Toleo la kubebeka kwenye flashi nalo halisomi AppData, folda ya Windows inayotunza mipangilio ya NVDA iliyosakinishwa. Lina folda yake ya userConfig.

Limebaki lile la ng'ombe. Word hupenda kuupinda ule mkato ukawa ’, na kanuni iliyoandikwa kwa ' haitalitambua neno hilo. Kwa macho ya mwenye kuona hazitofautiani sana, kwa kompyuta ni alama mbili mbali kabisa. Andika ng['’] kwenye ruwaza yako, zote mbili zipokelewe.