Je, wajua kwa nini Björn Borg alishindwa akiwa na raketi ya mbao mwaka 1991?

Mchongaji mmoja wa vinyago pale Mikindani nilimwonesha kwenye simu mechi ya tenisi ya mwaka 1991. Mpira hakuutazama hata kidogo, macho yote kwenye mikono ya wachezaji. "Mjomba, huyu mwenye nywele ndefu mbona kaja na mwiko?"

Mwiko wenyewe ni raketi ya mbao, na mwenye nywele ndefu ni Björn Borg wa Uswidi, aliyetwaa taji la tenisi la Wimbledon mara 5 mfululizo, 1976 hadi 1980, na ubingwa wa Ufaransa mara 6. Januari 1983 akatangaza kustaafu akiwa na miaka 26, umri ambao wengi ndio kwanza wanakolea. Aprili 1991 akarejea uwanjani kwenye mashindano ya Monte Carlo, sasa ana miaka 34, na raketi ya aina ileile ya zamani. Mhispania Jordi Arrese akamfunga 6-2, 6-3.

Fundi wangu alitaka kwanza kujua mti gani. Ni mti wa Ulaya ambao huko hutolewa pia mipini ya majembe. Unachanwa vipande vyembamba, vinakunjwa na kugandishwa kwa gundi. "Wangetumia mpingo," akasema. Hapana. Mpingo ukiutupa baharini unazama, ule wa kwao unaelea. Raketi ya Borg ilikuwa na gramu 400 hivi. Ya mpingo yenye umbo hilohilo ingekaribia 700. Tena mpingo hauna subira ya kukunjwa, na hilo yeye analijua kuliko mimi.

Shida ya mbao ni kwamba inanepa kama ufito. Mpira ukigonga, fremu inarudi nyuma kidogo, na kabla haijajinyoosha mpira umeshaondoka. Nguvu ile imebaki kwenye mti. Grafaiti, yaani nyuzi za kaboni zilizogandishwa, ni ngumu na nyepesi, na fremu yake ndani ina uwazi, kwa hiyo nguvu kubwa zaidi inarudi kwenye mpira.

Halafu kuna upana wa kichwa. Nyuzi za raketi zikikazwa huivuta fremu kwa ndani kutoka kila upande, na kichwa cha mbao kikiwa kipana kitapinda au kuvunjika. Borg alizikaza zake kwa kiasi cha kilo 36. Inasimuliwa kuwa nyingine zilikatika zenyewe usiku, raketi zikiwa zimelala tu chumbani! Grafaiti ikaruhusu kichwa kipana kwa zaidi ya theluthi moja. Ukikosea kidogo, mpira bado unatoka vizuri, na unaweza kuupiga kwa kuuzungusha bila kuogopa kuugonga kwa ukingo.

Ila mbao nisiisingizie kila kitu. John McEnroe aliyemvua Borg taji la Wimbledon mwaka 1981 naye alishika mbao. Siku ile ilikuwa mwiko kwa mwiko. Na Borg alipokuja kuhamia kwenye raketi za kisasa, mambo hayakubadilika: kati ya 1991 na 1993 hakushinda mechi hata moja. Kabla ya kurejea 1991, mechi yake ya mwisho ya mashindano ilikuwa ya 1984, alipojaribu tena baada ya kustaafu, na miguu nayo huzeeka. Aliyekaribia kumfunga ni Mrusi Alexander Volkov, Moscow, 1993. Walifika seti ya tatu, wakaenda hadi pointi za kuamua, Borg akalala 9-7. Hakurudi tena.