Magoti yanauma, ndimu inasingiziwa: maswali na majibu

Swali: Bibi yangu yuko Mikindani, magoti yanamsumbua muda sasa. Majirani wamemkataza ndimu, ukwaju, embe mbichi mpaka nyanya, eti asidi inakausha ute wa magoti. Kweli?

Hapana. Tumbo lenyewe lina asidi, na ukiwa hujala huwa kali kuliko hiyo ndimu. Halafu chakula kikishaingia kwenye damu, mapafu na figo ndo wasimamizi, damu inabaki pH (kipimo cha uchachu) 7.35 mpaka 7.45 uwe umekula ndimu moja au tano, kwahiyo hamna uchachu unaotoka tumboni ukaenda kukaa gotini. Magoti ya wazee mara nyingi ni gegedu imelika, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, kwa sababu ya umri, uzito, kuumia zamani na miaka ya kuinama shambani na kubeba mizigo. Kinachoniuma mimi ni kwamba bibi ananyimwa matunda na mboga anabaki na ugali mkavu, wakati vitamini C mwili unaihitaji kutengeneza hiyohiyo gegedu. Jamani mrudishieni ndimu yake akamulie kwenye samaki.

Swali: Mbona mimi nikila achari vidole vinauma kabisa?

Sikatai unachosikia. Ila baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo, hupanda na kushuka yenyewe, na kwa vile kila siku unakula kitu ni rahisi kukamata cha mwisho ulichokula. Jipime: acha achari peke yake wiki mbili, andika maumivu kila siku, kisha irudishe uone. Ikikuumiza kweli, iache. Ila usifute vyakula kumi kwa mpigo.

Swali: Na ile asidi ya jongo, yaani gauti?

Hiyo ndo ya kuangalia, ila haitoki kwenye ndimu. Inaitwa asidi ya yuriki, mwili unaitengeneza ukivunjavunja purini, na purini imejaa kwenye maini, figo, nyama nyekundu na dagaa. Ikizidi inaganda ndani ya kiungo vipande vyenye ncha kama sindano, mara nyingi dole gumba la mguu, usiku, mtu hataki hata shuka limguse. Pombe inachochea sana, na hapa kwetu msimu wa mabibo uraka na gongo vinanywewa kweli, halafu mtu asubuhi anavimba mguu anasema ni embe la jana!! Sukari nyingi nayo inapandisha, kwahiyo juisi ya ukwaju tatizo lake ni sukari mnayomiminia, ukwaju wenyewe hauna kesi. Kunywa maji ya kutosha, pombe acha. Na kama inarudirudi zipo dawa za kuishusha, hospitali watakupima kwanza.

Swali: Nameza diklofenaki kila siku, ndimu nile?

Hapa sasa pana jambo. Dawa hizi za maumivu ukizoea kuzinunua dukani na kumeza bila kula zinachubua tumbo, na tumbo likishakuwa na vidonda kitu kichachu kinachoma kweli. Watu wengi wanaosema ndimu imewadhuru ukiwauliza vizuri wanameza vidonge vya maumivu miezi na miezi. Meza baada ya chakula, siku chache, kwa ushauri wa daktari, na mwenye presha au figo asijaribu peke yake. Ukiona choo cheusi tii, usisubiri, wahi hospitali.

Swali: Lini niende hospitali?

Kiungo kimevimba ghafla, cha moto, na homa juu: siku hiyohiyo. Vidole au viganja vyote viwili vinakakamaa asubuhi zaidi ya nusu saa, na imepita wiki kadhaa, nenda pia, maana baridi yabisi ikichelewa inapindisha vidole. Mtwara kuna Ligula, Lindi mjini kuna Sokoine, huku ndani kuna Ndanda na Nyangao. Beba dawa zote unazotumia, hata za miti shamba, umuonyeshe daktari.