Hampi: anza na majumba yasiyosimama

Wageni wengi wakifika Hampi, kusini mwa India, hukimbilia gari la mawe lililo kwenye ua wa hekalu la Vittala. Siwalaumu. Ni hekalu dogo la Garuda, ndege ambaye Vishnu, mungu wa Kihindu, humpanda, limechongwa kwa itale na kuwekewa magurudumu, na ndilo utakaloliona kwenye noti ya rupia 50. Lakini kazi yangu ni majengo ya kale ya mawe, na kila anayeniomba ushauri humwambia aanzie eneo la kifalme, ambako sehemu kubwa imebaki misingi mitupu.

Hapa palikuwa makao makuu ya dola ya Kihindu ya Vijayanagara, iliyoasisiwa mwaka 1336. Abdur Razzaq, mjumbe kutoka Herat, katika Afghanistan ya leo, aliyefika mwaka 1443, na Mreno Domingo Paes aliyekuja karibu mwaka 1520 waliandika kwa mshangao juu ya ukubwa na utajiri wake. Sasa umekuja wewe, na unajiuliza hayo majumba yako wapi. Tazama chini. Nyumba za miungu zilijengwa kwa mawe. Za wafalme ziliinuliwa kwa mbao juu ya msingi wa mawe. Januari 1565 majeshi ya masultani Waislamu wa Deccan, uwanda wa juu wa kusini mwa India, yaliungana, yakaishinda Vijayanagara katika vita vya Talikota na kumuua Rama Raya, aliyekuwa ameshika hatamu. Mji ukaporwa na kuchomwa moto. Mbao ziliteketea. Ndiyo maana anayezuru mahekalu peke yake huondoka akidhani huu ulikuwa mji wa makuhani tu.

Panda Mahanavami Dibba, jukwaa kubwa la mawe ambapo mfalme aliketi wakati wa sherehe za siku tisa. Usipande haraka. Zunguka kwanza kuta zake: kuna tembo, ngamia, wacheza ngoma, wawindaji, na farasi wakiongozwa na wageni. Farasi hao waliletwa kwa bahari kutoka Arabuni na Uajemi, na dola hii iliwategemea sana vitani.

Karibu na hapo kuna birika la ngazi lililofukuliwa miaka ya 1980, na kwangu mimi hakuna kitu kizuri kuliko hicho katika Hampi yote. Ngazi zake hushuka pande nne kwa mpangilio usiokosea hata kidogo. Inama uangalie mawe yenyewe: yana alama za mafundi, zinazoonyesha kila jiwe ni la upande gani na safu ipi. Yalichongwa kwanza, kisha yakaja kuunganishwa hapa. Maji yaliletwa kwa mfereji wa mawe ulioinuliwa juu ya nguzo. Mifereji mingine ya enzi hizo inamwagilia migomba na mpunga mpaka leo.

Ukifika kwenye mabanda ya tembo, vyumba 11 vyenye kuba zisizofanana, utaona matao na chokaa ya mtindo wa Kiislamu. Si ajabu: Waislamu walikuwa jeshini na barazani, na msikiti uliojengwa na Ahmad Khan, ofisa wa mfalme, mwaka 1439 bado upo. Ukiambiwa kwamba Talikota vilikuwa vita vya dini tu, kumbuka matao haya.

Mahekalu yafuate baadaye. Kwa Vittala, nguzo zinazotoa sauti za muziki haziruhusiwi kugongwa, na ni sawa kabisa, kwani mikono ya wageni huzichakaza. Kwenye hekalu la Virupaksha vua viatu, maana ibada inaendelea humo hadi leo. Omba uonyeshwe chumba chenye giza nyuma ya madhabahu: mwanga hupenya tundu dogo, na kivuli cha mnara wa lango huanguka ukutani kichwa chini.

Ukija kwa treni, shuka Hosapete, mji ulio karibu. Njoo kati ya Novemba na Februari. Baada ya hapo majabali hushika joto kali, na kutembea adhuhuri kunakuwa taabu.