"Dawa anapewa ila hapaki": dhana potofu kuhusu pumu ya ngozi

"Dawa anapewa ila hapaki." Kauli hii kuhusu mgonjwa wa pumu ya ngozi (ekzema, ugonjwa wa ngozi kavu inayowasha) nimeichoka. Anaisema mume, anaisema mama mkwe, na kinachoniudhi zaidi, wahudumu wenzangu wanaiandika kwenye barua ya rufaa: mgonjwa hafuati matibabu.

Haya, tupige hesabu. Dawa ya kupaka ikikamuliwa kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi pingili ya kwanza ni kama nusu gramu. Hiyo inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Mtu mzima ambaye mikono na miguu yote imewaka, tukiacha viganja na nyayo, anahitaji kama gramu 9 kila anapopaka. Tyubu aliyopewa ina gramu 15. Akipaka mara moja tu kwa siku, kesho yake haimtoshi, na tarehe ya kurudi kliniki ni mwezi ujao!

Kwa hiyo anaibania. Anadonoa kidogo kwenye kiwiko, kidogo nyuma ya goti, ili isiishe. Dawa ya kudonoa haitulizi kitu. Akirudi ngozi ikiwa imechanika, tunamwita mzembe. Mwenzake mwenye bima nzuri anaandikiwa tyubu kadhaa kwa mpigo, anaonana na daktari yuleyule kila mara, na mafuta anapitia kuyanunua akirudi nyumbani. Dawa ni ileile, betamethasoni, steroidi ya kupaka inayotuliza ngozi iliyowaka. Wanachozidiana ni gramu.

Kwenye mafuta ndiyo kabisa. Ngozi hii inataka mafuta kila siku hata ikiwa imetulia, na ambaye ugonjwa umemwenea mwili mzima anaweza kumaliza gramu 250 hadi 500 kwa wiki. Kwa mtu wa Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, anayeishi kwa vibarua, kopo hilo linagombana na unga. Ongeza nauli za daladala, foleni na siku ya kazi iliyopotea, utaelewa kwa nini wengine wanarudi pale tu ngozi inapotoa usaha. Mimi naandika gramu, siandiki "tyubu moja". Nawaomba wenzangu wafanye hivyo, na mgonjwa naye asione aibu kuuliza: "Dokta, hii itanitosha siku ngapi?"

Dhana potofu nyingine ni hizi. "Ngozi haijawa nyekundu, basi si pumu ya ngozi." Picha nyingi za vitabuni ni za ngozi nyeupe. Kwetu wekundu unajificha. Angalia weusi, ukijivu au uzambarau, vipele vidogo vinavyofuata vinyweleo, na ngozi iliyokuwa nene kwa kukunwa. Anayesubiri wekundu atampa mtoto dawa ya fangasi mara kadhaa kabla ya kufikiria rufaa.

"Steroidi zinaharibu ngozi." Zikitumiwa ovyo, ndiyo. Klobetasoli, steroidi kali, ya kujichubua, inayopakwa usoni miezi na miezi, inakondesha ngozi na kuleta chunusi. Ajabu ni kwamba mtu anamkatalia mwanawe haidrokotisoni ya asilimia 1, steroidi nyepesi, halafu usiku yeye mwenyewe anapaka mkorogo.

"Inaambukiza." Haiambukizi. Mwalimu, mrudishe mtoto darasani.

"Ni damu chafu." Hakuna kitu kama hicho, na hizo dawa za kusafisha damu zinamaliza hela ya mafuta.

"Ni mzio wa dagaa na mayai." Kwa baadhi ya watoto wadogo chakula kinachangia, lakini kitu hicho kinapimwa. Ukimnyima mtoto mayai, maziwa na dagaa kwa kubahatisha, unamwongezea utapiamlo juu ya muwasho.

"Ulaya kuna sindano inayoponya kabisa." Sindano yenyewe, dupilumabu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2017. Inatuliza ugonjwa mkali, haiung'oi, na bei yake huko ni makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka. Kabla ya kufungua kundi la michango, muulizeni mgonjwa kama amewahi kupata dawa ya kawaida ya kutosha.

"Aoge kwa sabuni ya dawa, asugue mpaka magamba yatoke." Tafadhali, hapana! Dodoki tupa. Aoge haraka kwa maji yasiyo ya moto, na kama kisima chenu ni cha chumvi, tafuta ndoo moja ya maji yasiyo na chumvi ya kujisuuzia. Ajifute kwa kubonyeza taulo, kisha apake mafuta ya mgando ndani ya dakika tatu, mwili ukiwa bado na unyevu. Jasho la mchana lioshwe kwa maji matupu.